Rejeta iliyoziba kwa nje: hewa, maji, kuishusha au kuikinga kwa wavu?

Mwenye gari jijini Nairobi anapoambiwa kwamba rejeta yake, yaani kipozeo cha maji ya injini, imeziba kwa nje, mara nyingi hupewa ushauri mmoja tu, na ushauri huo hutegemea kifaa alicho nacho anayeutoa. Mwenye kompresa atasema ipulizwe, mwenye mashine ya presha atasema ioshwe, na fundi wa rejeta atasema ishushwe, yaani itolewe kwenye gari. Njia zote hizi zina kazi yake, lakini kazi hizo si moja. Ile inayoifaa rejeta iliyojaa vumbi kavu la barabara ya Kangundo haiwezi kuifaa iliyolowa mafuta ya injini. Ulinganisho huu nimemwandikia mtu aliyesimama mbele ya boneti iliyo wazi na bado hajajua aanzie wapi.

Rejeta hupozwa na hewa inayopenya kati ya mapezi yake, ambayo ni vipande vya alumini vyembamba mno, vinavyopinda hata kwa ukucha. Katika magari yenye kiyoyozi, mbele ya rejeta hukaa kondensa, yaani kipozeo cha gesi ya kiyoyozi, nayo ina mapezi yake ya namna hiyohiyo. Kati ya viwili hivyo hubaki nafasi nyembamba, ambayo katika magari mengi madogo haitoshi hata kupitisha mkono. Takataka zinazopenya kondensa, au zinazoingia kupitia pembeni na juu, hunaswa katika nafasi hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kuchungulia kupitia grili, akaona mbele ni safi, akaridhika, kumbe uso wa rejeta uliojificha nyuma umefunikwa.

Mimi nililijua hilo nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi, gari likiwa na watu wanne na magunia mawili ya viazi. Mshale wa joto, ambao kwenye foleni za Thika Road haukuwahi kupita katikati, ulianza kupanda. Nilizima kiyoyozi, nikawasha hita hadi mwisho, kisha nikatafuta mahali salama pa kusimama. Siku iliyofuata fundi alilegeza rejeta na kuivuta nyuma kidogo, tukaona kitu kama blanketi la kijivu: mbawa za kumbikumbi, mbegu za nyasi na maua ya mjakaranda yaliyokauka, vyote vimeshikamana kwa vumbi. Alibandua kwa kidole kipande kipana kama kiganja, na upande wake wa nyuma ulikuwa umechapwa mistari ya mapezi. Mbele ya kondensa palikuwa pasafi kabisa, kwa sababu nilikuwa nikipaosha kila Jumamosi.

Kabla ya kuchagua njia, inafaa kuhakikisha kwamba tatizo ni uchafu wa nje. Gari linalochemka kwenye foleni lakini linapoa likipata mwendo, mara nyingi lina hitilafu ya feni. Linalopandisha joto likiwa kwenye mwendo mkubwa au mlimani, ilhali kwenye foleni limetulia, ndilo la kushukiwa kuwa rejeta yake imeziba, ama kwa nje ama kwa ndani. Dalili nyingine ni kiyoyozi kinachopoteza ubaridi polepole, kwa sababu kondensa huathirika mapema hewa inapokosa njia.

Kuna vipimo viwili visivyogharimu kitu. Cha kwanza, washa injini na kiyoyozi ili feni izunguke, kisha sogeza karatasi mbele ya grili. Hewa ikipita vizuri, karatasi itavutwa na kushika, lakini ikining'inia tu kuna kizuizi au feni ni dhaifu. Cha pili hufanywa usiku injini ikiwa imezimwa na imepoa: mmoja amulike tochi kutoka upande wa injini, na mwingine atazame kutoka mbele. Penye kondensa mwanga hupita kwa shida, lakini tofauti kati ya sehemu inayopitisha nuru na sehemu iliyo giza huonekana. Ikiwa pote panapitisha nuru na bado gari linachemka, tafuta sababu kwingine, kama vile thamostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto), pampu ya maji au kutu ndani ya mirija ya rejeta, kwa maana hakuna njia kati ya hizi nne itakayokusaidia.

Jambo hili halipaswi kuahirishwa, hasa hapa kwetu. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Kifuniko cha rejeta huongeza shinikizo na kukipandisha kiwango hicho, lakini anayeendesha kwa maji ya bomba bila kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini), tena kwa kifuniko kilichochoka, amebakiwa na nafasi ndogo sana kabla ya gasketi ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kuungua au hedi yenyewe kupinda.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. La kwanza ni aina ya uchafu inaouondoa na mahali inapofika, yaani mbele ya kondensa, katikati, au upande wa injini. La pili ni hatari yake kwa mapezi na kwa sehemu zilizo jirani. La tatu ni maji, muda na fedha, kwa kuwa mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa mgao, na wakazi wa ghorofa wengi hawaruhusiwi kuosha gari kwenye maegesho. La nne ni muda ambao matokeo hudumu kabla ya kazi kurudiwa.

Kwa njia zote, injini iwe imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe ikiwa na joto, wala maji baridi yasimwagwe kwenye rejeta ya moto, kwa sababu matangi yake ya pembeni mara nyingi ni ya plastiki na huweza kupasuka. Ondoa waya hasi wa betri kabla ya kupitisha mkono karibu na feni. Katika baadhi ya magari feni ya umeme huweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na haiwi na huruma kwa vidole.

Hewa ya kompresa

Hewa huondoa vizuri kitu chochote kikavu: vumbi, makapi, mbawa za wadudu, mbegu za nyasi ambazo bado hazijashikana. Hupulizwa kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kinyume cha njia uchafu ulikoingilia. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu feni na kava yake huzuia mkono, na mpulizaji asiye na subira huhamia mbele na kuzidi kuusukuma uchafu ndani. Haiwezi kitu kwa tope lililokauka wala kwa vumbi lililoshikwa na mafuta.

Hatari yake ni ndogo ikiwa shinikizo limepunguzwa hadi baa 2 au 3 (baa ni kipimo cha shinikizo), na ncha imeelekezwa moja kwa moja kwenye uso wa mapezi bila kuinamishwa, umbali wa kiganja hivi. Kompresa ya mtu wa matairi huwa na shinikizo kubwa zaidi ya hilo, na ikielekezwa kwa mshazari karibu na mapezi huyalaza. Vaa miwani na kitambaa puani, maana kinachotoka ni vumbi la miezi mingi. Haihitaji maji, huchukua dakika chache, na gharama yake ndiyo ya chini kuliko zote. Matokeo hayadumu sana kwa anayepita barabara za vumbi kila siku, lakini kwa kuwa ni kazi nyepesi, kuirudia kila unapobadilisha oili si mzigo.

Inamfaa mkazi wa ghorofa asiye na mahali pa kumwaga maji, na dereva wa Ruai, Kamulu au Kitengela ambaye tatizo lake kubwa ni vumbi la kiangazi.

Maji ya mpira

Maji hufika pale hewa inaposhindwa: tope, wadudu waliogandamana, ute na utomvu wa maua. Yakichanganywa na sabuni kidogo ya vyombo na kuachwa dakika kumi, hulegeza hata mafuta mepesi. Utaratibu ni uleule wa kutoka nyuma kwenda mbele, kwa mtiririko wa kawaida wa mpira, ukianzia juu na kushuka polepole hadi maji yanayotoka mbele yawe meupe. Funika altaneta (jenereta inayochaji betri) na mota ya feni kwa mfuko wa plastiki. Uchafu ukiwa mkavu na mwingi, ni vyema kuanza kwa hewa au burashi laini ya manyoya, kwa sababu vumbi likipata maji kidogo hugeuka tope, na tope hilo likikauka katikati ya mapezi huwa gumu kuliko lilivyokuwa.

Hapa sina budi kusema neno kuhusu mashine ya presha ya vituo vya kuoshea magari, kwa kuwa wengi huihesabu kuwa ni njia hii hii. Mashine hizo mara nyingi huzidi baa 100. Kijana anayeosha gari hufanya kazi kwa haraka, husimama mbele, na huelekeza mshipa wa maji kwenye grili kwa nia njema kabisa. Nimeona kondensa iliyooshwa hivyo: mapezi yamelala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, na hewa haipiti ingawa hakuna chembe ya uchafu. Ukienda huko, mwombe atumie mpira wa kawaida au asimame mbali na apanue mnyunyizo, na uwepo mwenyewe anapofanya kazi hiyo. Mapezi machache yaliyolala huweza kunyooshwa kwa kitana chake maalumu au kwa koleo nyembamba yenye ncha, lakini uso mzima ukilala, kazi hiyo haiishi.

Hatari nyingine ni dawa kali. Bidhaa za kuzibulia mabomba zenye soda kali huila alumini, kwa hiyo zisitumike hata kama mtu amekuhakikishia kwamba zinang'arisha.

Kwa upande wa maji, asiye na bomba anaweza kutumia pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa shambani, iliyo mpya au iliyosafishwa vizuri. Mtungi mmoja au miwili ya lita 20 hutosha gari dogo. Muda ni kama nusu saa, pamoja na kuwasha injini baadaye ili joto na feni vikaushe unyevu. Gharama ni ndogo ukifanya mwenyewe. Kinachoikwaza njia hii ni ile nafasi ya katikati: maji yanayotoka nyuma hupenya rejeta, hukutana na kondensa, na takataka kubwa hubaki pale pale, zimelowa. Kwa anayeanza mapema na kurudia kila baada ya miezi mitatu au minne, halitakuwa tatizo kubwa. Kwa gari ambalo halijawahi kusafishwa kwa miaka kadhaa, maji peke yake huleta nafuu ya muda tu.

Inamfaa mwenye ua au karakana ya jirani inayomwamini, na mwenye kuisafisha rejeta kwa ratiba, kabla ya dalili kuonekana.

Kuilegeza au kuishusha

Njia hii ina ngazi mbili, na watu wengi hawaambiwi kuhusu ile ya kwanza. Katika magari mengi madogo, rejeta hushikwa juu kwa mabano mawili yenye mipira na huketi chini kwenye mipira mingine. Fundi akiondoa feni na kava yake, kisha akafungua mabano hayo, anaweza kuirudisha rejeta nyuma kiasi cha kupata nafasi ya kupitisha burashi, mpira mwembamba wa maji au kitambaa, bila kumwaga kulanti na bila kugusa mabomba ya kiyoyozi. Hivyo ndivyo lilivyosafishwa gari langu, na kazi yote haikumaliza asubuhi moja.

Ngazi ya pili ni kuishusha kabisa. Kulanti hukingwa kwenye chombo, hosi (mipira ya maji ya rejeta) hufunguliwa, na katika magari ya gia otomatiki ambayo mafuta yake hupozwa ndani ya tangi la rejeta, mabomba mawili ya mafuta hayo pia hufunguliwa na kuzibwa. Hapo rejeta hulazwa chini, huloweshwa sabuni, husuuzwa pande zote mbili, na kila pezi huonekana. Ndiyo njia pekee ninayoiamini kwa rejeta iliyoshika mafuta ya injini yaliyovuja na kuchanganyika na vumbi, na kwa ile iliyojazana katikati kwa miaka mingi. Pia humpa fundi nafasi ya kuona nyufa, dalili za kuvuja na kutu, mambo ambayo njia nyingine haziyaonyeshi.

Hatari zake si za mapezi bali za mikono. Hosi iliyozeeka hupasuka ikivutwa, ncha za plastiki za tangi huvunjika, na mfumo uliojazwa upya bila kutolewa hewa unaweza kulichemsha gari lililokuwa zima. Fundi makini hujaza polepole hita ikiwa imewashwa, huacha injini ipate joto hadi thamostati ifunguke, huongeza kulanti inaposhuka, na hukuomba uangalie tena kiwango chake kesho yake injini ikiwa baridi. Mabomba ya kiyoyozi yasifunguliwe kwa sababu ya usafi tu, maana gesi itatoka na itabidi ijazwe upya. Kulanti iliyomwagwa isiachwe wazi: aina nyingi zina sumu yenye ladha tamu, na mbwa au mtoto anaweza kuinywa.

Maji yanayohitajika si mengi, lakini muda wake ni wa nusu siku au zaidi, na gharama ya ufundi pamoja na kulanti mpya ndiyo ya juu kati ya njia zote nne. Mafundi wa rejeta hawakosekani Nairobi, kuanzia Barabara ya Kirinyaga na Ngara hadi Eneo la Viwanda, na ni vizuri kuuliza bei kwa zaidi ya mmoja na kusema wazi kama unataka ilegezwe au ishushwe. Matokeo hudumu, na kwa anayefuata baadaye kwa hewa au maji mara kwa mara, huenda asihitaji kuirudia kwa miaka.

Inamfaa aliyenunua gari lililotumika asilolijua historia yake, aliyekwisha kuona mshale ukipanda, na anayebadilisha hosi au pampu ya maji kwa vyovyote, kwani sehemu ya gharama ya kufungua atakuwa ameshailipa.

Kuikinga kwa wavu

Wavu hausafishi kitu. Huzuia maua, majani, makapi na wadudu wasifike kwenye kondensa, na kwa hiyo hupunguza kile kinachopenya katikati. Vumbi laini huupita.

Hatari yake ni kuwa wenyewe unaweza kuwa kizuizi. Wavu wa mbu, ambao watu hufunga kwa kuwa ni rahisi kupatikana, una matundu madogo kupita kiasi: hupunguza hewa hata ukiwa msafi, na usiku mmoja wa kumbikumbi huuziba wote. Wavu wa chuma au alumini wenye matundu ya milimita kadhaa ni salama zaidi. Ufungwe nyuma ya grili, usiguse mapezi ya kondensa, wala usitikisike, kwa sababu waya unaosugua utayatoboa mabomba ya kondensa taratibu. Baada ya kuufunga, angalia mshale wa joto katika mlima wa kwanza unaoupanda.

Gharama ni ndogo na kazi ni ya saa moja, lakini unadai uangalifu kuliko njia nyingine zote. Wakati wa mvua kumbikumbi wanaporuka, na kuanzia Septemba hadi Novemba mijakaranda inapomwaga maua, inabidi uukung'ute kila baada ya siku chache. Usifungwe kamwe juu ya rejeta iliyokwisha kuziba, kwa maana hapo unapunguza hewa ambayo tayari haitoshi.

Inamfaa anayesafiri usiku kwenda upcountry mara kwa mara, anayepita nyanda za nyasi za Kajiado, au anayeegesha chini ya miti, mradi awe na desturi ya kufungua boneti kila wiki.

Kwa hali yako

Ikiwa gari halijaonyesha dalili yoyote na unaishi katika nyumba yenye ua, anza na maji ya mpira kutoka nyuma kwenda mbele, na uweke ratiba ya kurudia kabla na baada ya msimu wa mvua. Ikiwa unaishi ghorofani au mtaa wako una shida ya maji, hewa ya kompresa kila unapobadilisha oili itakutosha, ila utafute fundi atakayekubali kupuliza kutoka upande wa injini.

Ikiwa mshale umepanda hata mara moja mlimani na feni inafanya kazi, usijaribu hewa kwanza na maji baadaye huku ukiendelea kusafiri. Ilegezwe rejeta ionekane katikati pana nini. Uchafu ukiwa mkavu au wa wadudu, kulegeza kutatosha. Ukiwa na mafuta, ishushwe, na uvujaji wenyewe utengenezwe siku hiyohiyo, la sivyo vumbi litarudi kushika palepale ndani ya wiki chache.

Ikiwa umenunua gari majuzi na una safari ndefu ya Krismasi mbele yako, fanya kipimo cha tochi wiki mbili kabla, ili fundi apate nafasi na wewe upate muda wa kuliendesha gari mjini na kukagua kiwango cha kulanti asubuhi kadhaa kabla ya kuondoka.

Na ikiwa unafikiria wavu, usafi utangulie. Ufunge siku ileile rejeta inapotoka kusafishwa, wakati bado unajua kwa hakika mshale wa joto husimama wapi gari likiwa zima.